Kutoka Kibarua Hadi Mwanachama: Safari ya Akiba na Mikopo Kisiwani Mombasa

Katika Majengo ya miaka ya 1930, mtu aliweza kumiliki nyumba ya vyumba sita, kuta zake za udongo na boriti, paa lake, milango na madirisha yake, wala asimiliki hata shubiri moja ya ardhi iliyo chini yake. Kiwanja kilikuwa cha mwingine, na mwenye nyumba alimlipa kodi ya ardhi. Mtindo huu wa nyumba bila ardhi haujatoweka Mombasa hadi leo. Athari yake moja haionekani kwa mpita njia: nyumba ya namna hiyo ilikuwa vigumu mno kuiweka rehani benki, kwa sababu benki ilitaka hati ya ardhi, na hati ilikuwa kwenye sanduku la mtu mwingine.

Leo mfanyakazi wa bandari anayeishi mtaa uleule anaweza kukopa laki kadhaa bila hati yoyote. Anachohitaji ni akiba yake mwenyewe na saini za wenzake wachache wanaomjua. Kisiwa kilifikaje hapo? Jibu rahisi hutaja sheria za ushirika na wizara zake, na zote zina sehemu yake. Lakini mwanzo wa jambo uko gatini Kilindini, katika kupigania kazi ya mwezi mahali pa kibarua cha siku.

Rehani na daftari la dukani

Mji wa Kale ulijua mikopo karne nyingi kabla ya benki kufika. Msafara wa pembe za ndovu haukuondoka pwani bila nguo na shanga zilizochukuliwa kwa deni, na jahazi halikutweka bila mtu kutanguliza fedha. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi ndio waliokuwa na mitaji mikubwa. Mashuhuri kuliko wote, Allidina Visram, aliyefariki 1916, alikuwa na maduka tangu pwani hadi Uganda, na shule ya sekondari yenye jina lake bado inasimama kisiwani.

Kwa Waislamu wa mji kulikuwa na kizuizi cha dini, yaani riba. Pwani na Unguja ilitumika njia ya bei khiyari. Mwenye shamba humuuzia mkopeshaji kwa bei waliyokubaliana, akabaki na haki ya kulikomboa mpaka muda fulani, na mara nyingi akaendelea kulikalia kwa kulipa kodi. Kodi ile ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Kwa mwenye mavuno mazuri utaratibu ulifaa. Kwa aliyepatwa na mwaka mbaya, muda ulipita na shamba likaenda.

Kisha serikali ya kikoloni ikaweka mambo mawili yaliyobana zaidi. Kuanzia 1903 ilitungwa sheria ya kuzuia biashara ya mkopo na wenyeji, iliyomfanya mfanyabiashara ashindwe kudai mahakamani deni la Mwafrika isipokuwa kwa masharti maalumu. Ilielezwa kuwa ni ulinzi. Matokeo yake yalikuwa kumfungia Mwafrika mlango wa mtaji kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyotambua mwenye kuthibitisha madai yake kwa karatasi na mashahidi. Wengi hawakuthibitisha, na ardhi ya kisiwa ikakusanyika mikononi mwa wachache wakati reli na bandari zilikuwa zikileta maelfu ya watu wa kupanga. Hapo ndipo Majengo yalipopata sura yake.

Ngoma, jamaa na mfuko

Watu waliokosa benki hawakukosa kuchangiana. Upatu, au mchezo kama wanavyouita wengi, ulizunguka katika nyua za Mji wa Kale: kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila zamu mmoja anabeba chungu kizima. Kwa wanawake waliokaa ndani hii ndiyo iliyokuwa benki yao pekee, na haikuhitaji ruhusa ya mume wala ya karani.

Vyama vya lelemama viliipa desturi hiyo umbo kubwa zaidi. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa na kuandika kitabu chake kilichotoka 1979, ameeleza jinsi vyama hivi vya ngoma vilivyokuwa na vyeo, michango na mashindano makali ya kutumia fedha. Chama kilichopanga ngoma kiliwashika mkono pia wanachama wake katika arusi na matanga. Viwili kati ya vyenye nguvu, Banu Saada na Ibinaal Watan, ndivyo vilivyokuja kuzaa jumuiya za kisasa za wanawake Waislamu mjini mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakosoaji wa wakati huo waliona upotevu wa mali tu. Hawakuona kwamba mamia ya wanawake walikuwa wakijifunza kuweka orodha ya majina, kudai mchango kwa wakati na kumwadhibu aliyechelewa, ambayo ndiyo kazi ya chama chochote cha akiba.

Waismailia wa Mombasa walikwenda mbali zaidi. Walipoadhimisha miaka hamsini ya uimamu wa Aga Khan wa Tatu, walianzisha kampuni ya bima ya Jubilee mwaka 1937, papa hapa Mombasa. Mwaka 1946, katika maadhimisho ya miaka sitini, Imamu huyo alipimwa kwa almasi Bombay na Dar es Salaam, na fedha za maadhimisho zikaelekezwa katika mfuko wa uwekezaji uliokopesha watu wa jamaa kwa ajili ya nyumba na biashara. Mfuko ule ndio chimbuko la benki ya Diamond Trust ya leo. Kulikuwa na imamu, nyumba ya ibada (jamatkhana), takwimu za kila familia na nidhamu ya kulipa, kwa hiyo mtaji ulikaa na ukakua.

Hamali wa Kilindini hakuwa na lolote katika hayo. Ametoka Taita, Nyanza, Giriama au Ukambani, analala kitanda cha zamu Majengo au Shimanzi, na kesho yake hajui kama ataitwa kazini.

Gatini, 1926 hadi miaka ya 1950

Gati za kwanza za maji marefu Kilindini zilikamilika 1926, na meli kubwa zikaacha kungoja matishari. Bandari ya Kale upande wa pili wa kisiwa ikabaki na majahazi. Kilindini ikawa mdomo wa Kenya na Uganda, na ikala nguvu za watu kwa siku: mwenye kampuni alichukua watu meli ikiingia na kuwaacha ikiondoka.

Mfumo huo wa kibarua ulikuwa rahisi kwa kampuni na ulimpa hamali uhuru fulani wa kuchagua siku za kufanya kazi. Ila ulifanya akiba isiwezekane. Mtu asiyejua mapato ya wiki ijayo hawezi kuahidi mchango wa mwezi, na asiyeweza kuahidi mchango wa mwezi hakopesheki na yeyote ila mwenye duka wa karibu, kwa bei ya mwenye duka.

Mwishoni mwa Julai 1939 mgomo ulianza kwa vibarua wa idara ya ujenzi ya serikali na ndani ya siku chache ukafika bandarini. Tume ya Willan iliyochunguza ilikuta malalamiko ya kodi ya nyumba yakitawala kuliko yote. Vita vya Dunia vikapandisha bei, na tarehe 13 Januari 1947 mji wote ulisimama: bandari, reli, mahoteli, watumishi wa nyumbani. Maelfu walikusanyika kila siku Kiwanja cha Maskini kusikiliza wasemaji wao. Chama cha African Workers' Federation kikazaliwa humo, na Chege Kibachia akawa sauti yake mpaka alipokamatwa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini bara.

Mgomo ule ulidumu chini ya wiki mbili. Uzito wake haupimiki kwa siku. Mahakama ya usuluhishi iliyoongozwa na Thacker ilipandisha malipo, na watawala wakaanza kuogopa mji wa vibarua wasio na la kupoteza. Wazo lililokuwa likizungumzwa tangu kamati ya Phillips ya 1945 likachukuliwa kwa uzito: wafanyakazi wachache zaidi, waliosajiliwa, wenye mshahara unaotosha kulea familia mjini.

Katikati ya miaka ya 1950 usajili wa wafanyakazi wa bandari ulianza kutekelezwa. Machi 1955 wakagoma tena. Tom Mboya, kijana wa chini ya miaka 25, alishuka kutoka Nairobi kusaidia mazungumzo, na usuluhishi ukawapa nyongeza ya karibu theluthi moja. Chama cha Dockworkers Union kilipata nguvu, na baadaye kikaongozwa na Dennis Akumu. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeuchunguza mji huu kwa kina kuliko wengine, ameonyesha kwamba mabadiliko haya yaliwafaa waliobaki ndani na kuwatupa nje wale waliopenda au waliolazimika kufanya kazi kwa siku. Neno hilo lisisahaulike, kwa sababu mpaka uliochorwa wakati ule kati ya mwenye mshahara na asiye nao umeifuata historia yote ya Sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo.

Ushirika unafika mjini

Fikra ya watu kukopeshana wenyewe ilikuwa imezunguka dunia kabla ya kufika hapa. Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliianzisha kwa wakulima wa Ujerumani katika miaka ya 1860, Alphonse Desjardins akaipeleka Quebec mwaka 1900, na Waingereza wakaiandikia India sheria ya vyama vya mikopo mwaka 1904. Afrika, mfano wa kwanza unaotajwa sana ni wa Jirapa, kaskazini mwa Ghana, ambako padri John McNulty aliwasaidia wakulima kuanzisha chama mwaka 1955.

Kenya, ushirika ulianza kama mali ya walowezi: Lumbwa, mwaka 1908, kwa maziwa. Sheria ya 1931 iliwahudumia haohao. Mpaka 1945 ndipo sheria mpya ilipofungua njia kwa Waafrika, na hata hapo macho yalikuwa kwenye kahawa na maziwa ya bara. Mfanyakazi wa mjini hakufikiriwa.

Uhuru ulipokuja 1963, mambo yaliharakishwa. Benki ya Ushirika iliandikishwa 1965 na kufungua milango Januari 1968. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipitishwa 1966. Maofisini na viwandani wafanyakazi walianza kuandikisha vyama vya akiba na mikopo, na 1973 vikaunda muungano wao wa kitaifa, KUSCCO. Mombasa ilikuwa na kile vyama hivi vilichokihitaji: maelfu ya watu walioajiriwa na mwajiri mmoja na kulipwa tarehe moja. Kutokana na bandari vimekua viwili vinavyojulikana sana kisiwani, Mombasa Port Sacco na Bandari Sacco. Walimu, wafanyakazi wa manispaa na wa serikali wakafuata njia hiyohiyo.

Siri ya vyama hivi ilikuwa makato. Mwanachama hutia saini mara moja, na mwajiri hukata mchango kabla mshahara haujamfikia. Hakuna mtoza ushuru wa kumfuata nyumbani wala sababu za kuchelewa. Hamali wa 1939 asingeweza kukatwa hivyo hata kama angetaka, kwa sababu hakuwa na mshahara wa kukatwa.

Hesabu ya mwanachama

Anachopata mwanachama hueleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Desturi ya Sacco nyingi ni kumkopesha mtu hadi mara tatu ya akiba yake kwa asilimia 1 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Chukua aliyeweka shilingi 150,000, akakopa 450,000 kwa miezi 36. Kila mwezi anarudisha 12,500 za deni lenyewe. Faida ya mwezi wa kwanza ni 4,500, ya mwezi wa mwisho ni 125, na jumla yake yote ni 83,250. Mkopeshaji anayetoza asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni lote la mwanzo angechukua 162,000 kwa mkopo uleule. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto kwa mihula kadhaa.

Dhamana ni watu. Wadhamini huweka akiba zao nyuma ya mkopaji. Akitoroka, zao ndizo zinazoshikwa. Ndiyo maana mfanyakazi humchunguza mwenzake kwa makini kuliko afisa wa benki awezavyo. Anajua kama mtu ana deni dukani na kama anafika kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamlinda mkopaji kwa kuzuia makato yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Faida nyingine hazionekani mpaka msiba uingie. Sacco nyingi hukata bima ya mkopo, ili mwanachama akifariki deni life naye na akiba yake iende kwa warithi badala ya kuwafuata na madai. Nyingi zina mfuko wa rambirambi wa kugharamia mazishi. Mwisho wa mwaka, hesabu zikishakaguliwa, ziada hugawanywa: gawio juu ya hisa na malipo juu ya akiba. Na katika uchaguzi wa viongozi kila mwanachama ana kura moja, awe na akiba ya elfu tano au ya milioni tano.

Mtikisiko

Miaka ya 1990 ilivijaribu vyama hivi. Bandari ilipunguza wafanyakazi, na kila aliyepunguzwa aliondoka na mchango wake wa mwezi. Sheria mpya ya 1997 iliondoa mkono mzito wa serikali kwenye ushirika, jambo lililodaiwa kwa muda mrefu, ila ilifanya hivyo bila kuweka usimamizi mwingine wa kutosha. Katika sehemu nyingi za nchi viongozi walijikopesha, wakanunua viwanja kwa bei ya ajabu, na chaguzi zikawa za kununuliwa. Ilibidi sheria irekebishwe 2004.

Mageuzi makubwa yalikuja na Sheria ya Sacco ya 2008 iliyounda SASRA, mamlaka ya kuzisimamia. Sacco inayopokea amana kama benki, yenye kaunta ya mshahara na pesa za kila siku, sharti iwe na leseni, mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 10, na hesabu zinazopelekwa kwa msimamizi. Sacco za Mombasa zilizopata leseni zilianza kufanana na benki kwa kaunta, kadi na huduma za pesa kwa simu, kwani M-Pesa ilikuwa imekwisha kuzinduliwa Machi 2007. Nyingine ziliondoa neno la kazi katika majina yao na kufungua uanachama kwa umma. Jirani wa kaskazini, Imarika, ilikuwa Sacco ya walimu wa Kilifi kabla ya kuchukua jina hilo.

Walio nje ya mpaka

Hata hivyo mtu anaweza kutembea kutoka Fort Jesus hadi Kibokoni akakutana na wengi ambao Sacco ya mshahara haijawahi kuwafaa: mvuvi, mama wa mahamri, fundi wa majahazi, mwenye kibanda cha nguo. Hawana mwajiri wa kuwakata. Uamuzi wa serikali uliozilazimisha matatu kuwa ndani ya Sacco kuanzia karibu 2010 ulileta watu wapya, wenye magari na waendeshaji, na bodaboda na tuktuk wakafuata. Nyingi ya Sacco hizo zilikuwa za kupanga njia kwanza, na akiba ikaja polepole.

Kwa Mji wa Kale kuna swali la pili, lilelile la enzi za bei khiyari. Muumini anayeepuka riba hataki asilimia 1 kwa mwezi hata ikiwa nafuu, wala hataki malipo juu ya akiba yaliyotokana nayo. Wengi wamekatwa mshahara miaka mingi, wakachukua akiba yao na kuacha ziada. Mwaka 2008 Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi kwa misingi ya sharia, na Sacco za namna hiyo zikaanza kujitokeza nchini: chama hununua bidhaa anayoitaka mwanachama na kumuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kidogokidogo. Kwa mji ambao ulijua upatu usio na riba hata senti kabla ya Sacco yoyote, ni jambo la kusikitisha kwamba njia hii imechelewa hivyo.

Bandari yenyewe ilikuja kuonyesha jinsi akiba inavyofuata kazi. Reli mpya ilizinduliwa Mei 2017, na amri za kuhamishia makontena bara kwa reli hiyo zilipotolewa, madereva wa malori, mawakala na wenye mahoteli ya barabarani walipoteza mapato. Maandamano ya Mombasa ya 2019 yalitokana na hilo. Amri ya kurudisha kazi hiyo bandarini ilitolewa Septemba 2022.

Kufikia mwisho wa 2024 mali za Sacco zinazosimamiwa na SASRA zilikuwa zimepita shilingi trilioni 1. Miezi michache baadaye, mapema 2025, ukaguzi wa kina wa KUSCCO, muungano uleule wa 1973, uliweka hadharani upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13 za Sacco zilizokuwa zimeweka fedha kwake. Mfuko wa kulinda amana ulioandikwa katika sheria ya 2008 wanachama wameungoja miaka mingi, ilhali mwenye akaunti benki analindwa hadi shilingi 500,000.

Kwa hiyo anayefikiria kujiunga aanze na mambo yanayowezekana leo. Leseni za SASRA hutolewa kwa mwaka na orodha yake huchapishwa. Jina la Sacco inayopokea amana likikosekana humo, asipeleke pesa. Aombe hesabu zilizokaguliwa na aulize fedha za chama zimewekezwa wapi na kwa idhini ya nani. Na mkutano mkuu wa mwaka ukiitishwa, aende. Sheria inataka ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kuisha, na humo ndimo viongozi wanapoondolewa kwa kura.